MCHEZO WA KUIGIZA UNA KAZI NYINGI: NANI HUFANYA NINI?



Kila mara kikundi cha maigizo kinapotangaza kwamba kinatafuta watu, wanaojitokeza huwa wengi, na karibu wote wanataka jambo moja tu: kuigiza. Wanataka kusimama mbele ya watu na kupigiwa makofi. Ukiwauliza ni nani atakayetunza daftari la mchezo, ni nani atakayekwenda kuomba kibali, au ni nani atakayehesabu vitenge vilivyoazimwa kwa akina mama, kimya kinaingia. Matokeo yake tunayajua sote. Kikundi chenye waigizaji hodari kinavunjika kabla ya onyesho la tatu. Hakikukosa vipaji. Kilikosa watu wa kazi nyingine.

Makala hii inaeleza kazi hizo moja baada ya nyingine. Ni kwa ajili ya vijana wenye vikundi na wale wanaotaka kuanzisha. Ni pia kwa ajili yenu mnaodhani kwamba maigizo hayawahusu kwa sababu hamwezi kusema mbele za watu. Mtaona kwamba seremala, mama anayejua kushona, mzee anayejua desturi, msichana mwenye mwandiko mzuri na kijana anayetembea kwa magongo, wote wana nafasi yao.

Ili tuelewane vizuri, tuchukue mfano mmoja na kuufuata. Tuseme kikundi kinataka kuonyesha mchezo wa dakika 30 kuhusu ugomvi kwenye bomba la maji. Madumu yamepangwa foleni tangu alfajiri, mtu mmoja anasogeza dumu lake mbele, maneno yanaanza, na mwisho ngumi zinarushwa. Ni mchezo mdogo. Hebu tuone unahitaji watu gani.

1. MTUNZI

Mtunzi ndiye anayepanga hadithi: nani yumo, nini kinatokea kwanza, nini kinafuata, na mchezo unaishia wapi. Si lazima awe mtu mmoja. Vikundi vingi hukaa pamoja, kila mtu akatoa wazo, kisha mwenye mwandiko akayaandika. Hata hivyo, awepo mtu mmoja mwenye kauli ya mwisho, la sivyo kila siku ya mazoezi mchezo utabadilika.

Njia hii ya kutunga kwa pamoja si ya kubahatisha. Mwaka 1977, katika kijiji cha Kamiriithu karibu na Limuru nchini Kenya, wakulima na wafanyakazi walitengeneza mchezo wa Ngaahika Ndeenda kwa lugha yao ya Kikuyu. Walioandika muswada walikuwa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, lakini wanakijiji waliusoma, wakasahihisha lugha, na wazee wakaeleza jinsi nyimbo na sherehe zilivyokuwa kweli. Mazoezi yalifanyika mahali pa wazi, na kila aliyepita aliweza kusimama na kusema, "Hapo mmekosea."

Mtunzi wa kambini ana wajibu mmoja mkubwa kuliko wa mtunzi wa mjini. Sisi tunaishi karibu karibu, nyumba kwa nyumba. Ukiandika kuhusu mama aliyepigwa na mumewe, na ukaongeza kwamba ana watoto mapacha na anakaa karibu na kisima, watu watamtambua kabla mchezo haujafika katikati. Habari ya mtu ni mali yake. Usiichukue bila ruhusa yake, na hata akiruhusu, badilisha mambo yanayomtambulisha: idadi ya watoto, kazi, kijiji alichotoka. Kwa habari za kubakwa, za kifo na za watu waliopotea, ni salama zaidi kutunga hadithi mpya kabisa. Kuna watu ambao usalama wao unategemea kutojulikana. Mchezo unaweza kupendwa na watazamaji 500 na ukamharibia maisha mmoja.

2. MTAFSIRI

Hapa kambini mkutano mmoja unaweza kuwa na Kiswahili, Kirundi, Kibembe, Kifuliru na Kifaransa. Mtafsiri hahamishi maneno peke yake. Anatafuta mzaha utakaochekesha katika lugha ya pili, na anajua tusi jepesi la lugha moja linaweza kuwa tusi zito katika nyingine.

Kazi hii ina heshima kubwa katika historia ya Kiswahili. Mwaka 1963, Mwalimu Julius Nyerere, akiwa Rais wa Tanganyika, alitoa tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare wa Julius Caesar, na mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Kama Rais wa nchi alipata muda wa kazi hiyo, nasi tusiidharau. Katika mchezo wetu wa bomba, mtafsiri anaweza kushauri kwamba mama mmoja aseme Kirundi na mwenzake amjibu kwa Kiswahili, kama tunavyosikia kila siku, ili pande zote mbili zielewe bila kusimamisha mchezo.

3. MWONGOZAJI

Mwongozaji ndiye jicho la watazamaji wakati wa mazoezi. Anakaa mahali watakapokaa watu, anatazama, kisha anasema: sogea huku, sauti haifiki, umetupa mgongo, hapo subiri kidogo kabla ya kujibu. Anawasaidia waigizaji kuelewa kwa nini mhusika anafanya anachofanya. Yule anayesogeza dumu mbele, kwa mfano, anaweza kuwa mjeuri tu. Lakini pia anaweza kuwa ameacha mtoto mgonjwa nyumbani. Uamuzi huo unabadilisha mchezo mzima, na ni wa mwongozaji pamoja na mtunzi.

Kazi ya mwongozaji kama kazi ya peke yake si ya zamani sana. Katika Ulaya ilianza kujulikana hasa katika karne ya 19. Mmoja wa waliosifika ni Georg II, mtawala wa Saxe-Meiningen huko Ujerumani, ambaye kikundi chake kilizunguka miji mingi kuanzia mwaka 1874. Alisifika kwa umati wa jukwaani. Badala ya kuwaacha watu wasimame kama magunia, aliwagawa katika makundi madogo, na kila kundi likaongozwa na mwigizaji mzoefu. Njia hiyo inatufaa kwa foleni yetu ya maji. Watu wanane wanaweza kuonekana kama watu thelathini, ikiwa kila wawili wana lao: hawa wanasimuliana, yule anasinzia juu ya dumu, huyu anahesabu walio mbele yake.

Mwongozaji pia ndiye mlinzi wa heshima. Ni rahisi sana kuchekesha watu kwa kuiga lafudhi ya kabila fulani, au kumfanya mwizi wa mchezo aseme kwa lafudhi ya watu wa upande mmoja tu. Watu watacheka kweli. Lakini wenzetu waliokaa nyuma hawatacheka, na kesho kwenye bomba halisi maneno yatakuwa mengine. Baadhi yetu tulikimbia nchi ambako mambo yalianza kwa mizaha ya namna hiyo. Mwongozaji ana haki na wajibu wa kusema hapana.

4. MSIMAMIZI WA JUKWAA

Kama ningeulizwa ni kazi gani moja ambayo kikundi kisianze bila kuipata, ningetaja hii. Mwongozaji anatengeneza mchezo, na msimamizi wa jukwaa anahakikisha kwamba mchezo uliotengenezwa ndio unaoonyeshwa, leo, kesho na mwezi ujao.

Silaha yake ni daftari. Ndani yake mna maneno yote ya mchezo, na pembeni ameandika nani anaingia kutoka upande gani, anabeba nini, anasimama wapi, ngoma inapigwa wakati gani. Ana pia orodha ya mahudhurio, orodha ya vifaa, na saa za mazoezi. Siku ya onyesho, mwongozaji kazi yake imekwisha, anaweza kukaa na watazamaji. Anayetawala nyuma ya jukwaa ni msimamizi. Akisema "jiandae", watu hujiandaa. Akisema "nenda", huenda.

Vikundi vyetu mara nyingi vina nakala moja tu ya mchezo, iliyoandikwa kwa mkono. Tusivunjike moyo. Katika London ya wakati wa Shakespeare, zaidi ya miaka 400 iliyopita, mwigizaji hakupewa mchezo mzima. Alipewa karatasi yenye maneno yake mwenyewe tu, pamoja na maneno machache ya mwisho ya mwenzake ili ajue zamu yake imefika. Kitabu kizima kilikaa kwa mtunza kitabu, na nyuma ya jukwaa ilitundikwa karatasi yenye orodha ya nani anaingia wakati gani. Sisi tunaweza kufanya vivyo hivyo kwa kurasa chache za daftari la shule na gundi kidogo.

5. MKUMBUSHAJI

Huyu hukaa pembeni, mahali asipoonekana, akifuata maneno kwa kidole. Mwigizaji akisahau, anamtupia maneno mawili matatu kwa sauti ya chini. Inahitaji sikio makini, kwani lazima ajue kutofautisha mtu aliyesahau na mtu aliyenyamaza kwa makusudi. Ni kazi nzuri kwa mtu anayesoma vizuri lakini anaona haya kusimama mbele za watu. Anaweza kuifanya akiwa amekaa, kwa hiyo kutoweza kutembea si kizuizi.

6. WAIGIZAJI NA WASAIDIZI WAO

Kazi ya mwigizaji inajulikana, kwa hiyo nitataja yale yanayosahauliwa. Mwigizaji anatakiwa kufika mazoezini kwa wakati, kujua maneno yake kabla ya wiki ya mwisho, na kutunza sauti. Jukwaa letu ni uwanja wazi wenye upepo. Anayepiga kelele hukauka koo katika dakika kumi. Anayevuta pumzi kutoka tumboni na kutamka polepole husikika mpaka nyuma.

Kila mhusika mkubwa awe na msaidizi anayejifunza maneno yale yale. Hapa kambini jambo hili si la anasa. Watu wanaondoka. Mmoja jina lake limetoka kwa safari ya nchi ya tatu na ana siku chache tu za kujiandaa. Mwingine familia yake imeamua kurudi nyumbani kwa hiari. Mwingine ameumwa malaria siku ya onyesho. Tunawafurahia wanaopata safari, lakini mchezo usiondoke nao. Agizo ni lile lile kwa kazi zote zilizotajwa hapa: kila kazi iwe na mtu wa pili anayeijua. Daftari la msimamizi lisiwe chini ya mto wa mtu mmoja tu.

7. MAFUNDI WA JUKWAA

Hawa wanatengeneza mahali pa kuigizia. Kwa mchezo wetu, wanahitaji bomba, na bomba hilo linaweza kuwa kipande cha mti kilichopakwa majivu, na pazia la kuwaficha waigizaji wanaosubiri. Turubai na kamba vinatosha, mradi mmiliki wake ajue na arudishiwe. Jukwaa si lazima liinuke. Mteremko wa ardhi ni bora zaidi: waigizaji chini, watazamaji juu, kila mmoja anaona. Fundi mzuri hutazama pia jua liko wapi, ili watazamaji wasitazame huku wamefumba macho.

Kamiriithu wanakijiji walijenga wenyewe ukumbi wa wazi wenye nafasi ya watu zaidi ya 2000. Bunduki za bandia zilizotumika jukwaani zilitengenezwa na mtu ambaye katika miaka ya 1950 aliwatengenezea wapiganaji wa Mau Mau bunduki za kweli. Ndiyo maana nasema kila ufundi tuliokuja nao una mahali pake.

8. MTU WA MALEBA NA MTU WA VIFAA

Maleba ni mavazi ya jukwaani. Mtu wa maleba huamua nani avae nini, na sababu yake. Kofia na fimbo humgeuza kijana wa miaka 19 kuwa mzee; kitenge kilichofungwa tofauti humfanya mwigizaji mmoja kuwa watu wawili. Vilevile anajua rangi gani zionekane kutoka mbali. Masizi na unga vinatosha kuchora mikunjo na mvi, lakini visipakwe karibu na macho.

Mtu wa vifaa anatunza kila kitu kinachoshikwa jukwaani: madumu, kata, barua, fimbo. Kabla ya onyesho anavipanga kwenye mkeka mmoja, kila kimoja mahali pake, na baada ya onyesho anavihesabu. Katika maigizo ya kabuki ya Japani, wasaidizi wanaoleta na kuondoa vifaa huvaa nguo nyeusi tupu, na watazamaji wamezoea kuwachukulia kama hawapo. Wanaonekana, lakini hawatazamwi. Ni picha nzuri ya kazi hii.

Kuna sababu nyingine ya kuifanya kazi hii kwa uangalifu. Vitu vyetu vingi ni vya kuazima. Mama aliyetoa dumu lake moja la lita 20 ametoa maji ya familia yake ya siku hiyo. Lisiporudi jioni ile ile, kikundi kimepoteza rafiki, na familia imelala bila maji. Andikeni kila kilichoazimwa: kitu gani, cha nani, kimetoka lini, kimerudi lini.

9. SAUTI, NGOMA NA TAA

Ngoma huita watu, huanzisha mchezo, na hubadilisha saa na mahali bila pazia. Mpigaji mmoja anayefuata daftari la msimamizi ana thamani kuliko wapigaji watano wanaojipigia.

Watu wa sauti wazingatie neno hili. Msitumie mlio wa bunduki, wala baruti, wala bati linalopigwa ghafla nyuma ya watazamaji. Miongoni mwetu wapo ambao mwili wao bado haujaamini kwamba wamefika salama. Mtoto akisikia mlio huo hatakumbuka kwamba ni mchezo, atakimbia, na wenzake watamfuata. Kama hadithi inadai vita, mwigizaji mmoja anaweza kusimulia, au ngoma ikanyamaza kabisa. Ukimya unaeleweka.

Kuhusu taa, ushauri wetu ni kuonyesha mchezo mchana, kuanzia saa tisa alasiri, na kumaliza kabla ya saa kumi na moja. Akina mama na wasichana wafike nyumbani jua likiwa bado juu. Ikilazimu usiku, tumieni taa za sola au tochi, si kibatari wala moto wa kuni karibu na nyasi au turubai. Tarehe 29 Juni 1613, ukumbi wa Globe mjini London, ule wa kikundi cha Shakespeare, uliungua wote kwa sababu mzinga uliopigwa katikati ya mchezo ulirusha cheche kwenye paa la nyasi. Watu waliokoka. Sisi ambao nyumba zetu zimebanana tusijaribu bahati hiyo.

10. MRATIBU

Mratibu ndiye anayefanya mchezo uwezekane. Anakwenda ofisi ya Mkuu wa Kambi kuomba kibali, anawaarifu viongozi wa vijiji, anatafuta mahali, anaongea na shirika kama kuna msaada wa vifaa, na anatunza fedha. Barua ya maombi ieleze mambo matano: mchezo unahusu nini, nani wanaigiza, siku gani, saa ngapi na wapi. Ipelekwe mapema, nakala moja ibaki kwa kikundi. Kwa vikundi vinavyotoka nje ya kambi, kibali cha kutoka ni jambo la kila mtu peke yake; mratibu ahakikishe hakuna anayesafiri bila karatasi.

Kibali si jambo dogo. Mchezo wa Kamiriithu ulianza kuonyeshwa Oktoba 1977, na Novemba ya mwaka huo huo serikali ya Kenya ya wakati ule ikaondoa kibali chake. Ngũgĩ wa Thiong'o aliwekwa kizuizini Desemba 31, 1977, kwa karibu mwaka mzima, na mwaka 1982 ukumbi ule ukabomolewa. Siwatishi. Nasema tu kwamba maigizo yana nguvu, na penye nguvu pana watu wa kuuliza maswali. Mratibu anayeeleza mapema na kwa ukweli anakilinda kikundi kizima.

Kuhusu fedha, kanuni ni moja: ahesabu mbele ya watu wawili, na aandike. Kama kuna posho, kila mmoja ajue kabla ya kuanza ni kiasi gani na kwa nani, akiwemo mkumbushaji na mtu wa vifaa. Vikundi vingi huvunjwa na minong'ono kuliko na umaskini. Watoto wasiigize bila wazazi au walezi wao kukubali, na mazoezi yao yasigongane na shule wala mgao.

11. MPIGA MBIU NA WAPOKEZI

Mchezo usiotangazwa ni mazoezi tu. Mpiga mbiu anazunguka na kipaza sauti kijiji kwa kijiji, siku mbili kabla na asubuhi ya siku yenyewe. Aseme mchezo unahusu nini na kama unafaa kwa watoto. Asitangaze siku ya mgao.

Wapokezi wanakaribisha watu na kuwapanga: watoto mbele chini, wazee na wagonjwa kwenye mabenchi, wenye magongo na baiskeli za walemavu mahali penye njia ya kutokea. Wanaacha njia wazi kila upande. Mmoja wao akae nyuma kumtazama yeyote anayetoka akilia, amfuate kwa upole, amkalishe, na ikibidi ampeleke kwa mhudumu wa jamii. Mtu huyu achaguliwe kabla ya onyesho, asitafutwe wakati wa tatizo.

12. MWEZESHAJI

Kuna aina ya mchezo usioishia jukwaani. Augusto Boal, Mbrazili aliyezaliwa mwaka 1931 na kufariki 2009, alifungwa mwaka 1971 na utawala wa kijeshi kisha akaishi miaka mingi uhamishoni. Alisimulia kwamba alipokuwa Peru mwaka 1973, mwanamke mmoja katika watazamaji hakuridhika na jinsi waigizaji walivyofuata ushauri wake, basi akapanda jukwaani akaonyesha mwenyewe. Tangu hapo Boal alikuza njia hii: mchezo unaonyeshwa mpaka tatizo linapokuwa kubwa, kisha unarudiwa, na mtazamaji yeyote anaweza kusema "simama!", akachukua nafasi ya mhusika na kujaribu njia nyingine.

Anayeongoza hatua hiyo ni mwezeshaji. Boal alimwita kwa jina la karata ya jokari, karata ambayo haifungwi na rangi yoyote. Mwezeshaji wetu naye hana upande. Anauliza: "Mmeona nini? Ni nani angeweza kufanya tofauti? Nani anataka kujaribu?" Hatoi jibu. Baada ya jaribio anauliza tena: "Je, hilo lingewezekana kweli, pale kwenye bomba letu?" Kijana mmoja atapendekeza wapigane, mama atapendekeza waandike namba kwenye madumu, mzee atapendekeza kamati. Kila pendekezo linajaribiwa, na watu wanaona wenyewe lipi linasimama.

Mwezeshaji ajue pia pa kusimamisha. Mtu akianza kutaja jirani yake kwa jina, amkatize kwa heshima: "Tuzungumzie mhusika wa mchezo." Mtu akiuliza jambo la kadi, la kesi au la safari, asibuni jibu, bali amwelekeze kwenye ofisi inayohusika. Ahadi ya uongo iliyotolewa jukwaani huzunguka kambi nzima kabla ya jua kuzama.

MKIWA WATU KUMI TU

Msiogope wingi wa kazi hizi. Mtu mmoja anaweza kushika mbili, mradi haziingiliani. Mtunzi anaweza kuwa mwongozaji. Mtu wa maleba anaweza kushika na vifaa. Mpiga mbiu anaweza kuwa mpokezi. Wengine watano au sita wakaigiza, wakibadilishana wahusika. Lakini kuna kazi mbili ambazo zisichanganywe: msimamizi wa jukwaa asiigize, kwa sababu hawezi kuwa nyuma na mbele kwa wakati mmoja, na mwenye fedha asiwe ndiye peke yake anayekagua hesabu.

Siku ya kwanza ya kukutana, kabla ya kugawa wahusika, andikeni kazi zote kwenye karatasi kubwa. Mbele ya kila kazi wekeni majina mawili, la mwenye kazi na la msaidizi. Palipobaki wazi, tafuteni mtu nje ya kikundi: muulizeni seremala, muulizeni mwalimu aliyestaafu, muulizeni yule dada asiyesema lakini anayeandika vizuri. Kisha ndipo mgawane wahusika.

Machi 2014, katika kambi ya Zaatari nchini Jordan, watoto wakimbizi wa Syria wapatao 100 waliigiza mchezo uliotokana na King Lear wa Shakespeare, wakiongozwa na Nawar Bulbul, mwigizaji wa Syria aliyekuwa Jordan kama wao. Watoto mia moja hawawezi wote kuwa mfalme. Kila mmoja alikuwa na zamu yake.

Kwa vijana wanaotaka kujifunza zaidi: kazi hizi ni ufundi kamili unaosomewa. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, na tangu 2007 kinajulikana kama Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Hata asiyefika chuo, anayejua kutunza daftari, kuandika barua ya kibali, kuhesabu vifaa na kuongoza mazungumzo ya watu 300 amepata ujuzi wa kwenda nao popote, iwe ni nyumbani au nchi ya tatu.

Vikundi vinavyohitaji ushauri wa kugawa kazi, au mahali pa mazoezi, vimwone mhudumu wa jamii wa kijiji chao. Njooni na karatasi yenu ya majina. Kama ina majina ya waigizaji peke yake, tutakaa pamoja tuimalizie.



Mhudumu wa Jamii